Prof na Mto wa Sikioni

Alizaliwa wapi, mwana wa nani, wa kabila gani: hayo mutamuuliza mwenyewe, na mukimuuliza mujiandae, maana atawajibu kwa swali la hesabu. Miye namwanza kwa miguu, kwa sababu huku kwetu mtaa wa Kasuku miguu yake inaingia kwenye midomo ya watu kabla yeye mwenyewe hajafika.

Prof wetu wa hesabu anatembea kama aliyebeba beseni la maji kichwani. Shingo ameikaza, macho yako mbele, hageuki. Ukimwita kutoka nyuma, anasimama kwanza, halafu anazungusha mwili mzima polepole, mabega, tumbo, viatu, kama lori linalotafuta pa kugeukia, halafu njo anakuona. Sisi wa mwaka wa tano tulikuwa tunajigawa pembe za uwanja wa shule, huyu anaita "Prof!", akishageuka na yule anaita "Prof!", ili tumwone akizunguka. Alijua. Siku moja alisimama katikati akasema: "Asanteni, wanangu. Munganga aliniambia nifanye mazoezi ya kugeuka, na miye niko mvivu."

Mchezo ukaishia hapo. Mtu akikushukuru, utani unakuwa kazi.

Na kuna siku anayumba bila kuitwa na mtu. Anashika ukuta wa duka, au bega la yeyote anayepita, anafumba macho kidogo, halafu anaendelea na safari. Wageni wakimwona hivyo asubuhi wanatikisa kichwa: "Maskini, mwalimu mzima, na lotoko saa hizi!" Prof ni Mwislamu, hajaonja hata bia. Na katika mji mzima, aliyemtetea kwa nguvu kuliko wote ni mama anayeuza hiyo pombe ya lotoko nyuma ya soko. Aliweka mikono kiunoni mbele ya watu: "Angekuwa anakunywa, angekunywa kwangu. Miye hata sauti yake siijui!"

Ugonjwa wake uko sikioni. Nawaambia mapema ili musipotee, kwa sababu mwaka huu ng'ambo ya mto Lualaba, huko Alunguli, kulikuwa na mutoto mchanga aliyekaa bila jina akimsubiri huyu mzee avuke, na huyu mzee alikuwa havuki maji.

Sikio lenyewe liliharibika wakati wa vita. Miye sikuwapo, ila mama yangu alikuwapo, na mama yangu akisimulia jambo anaongeza chumvi. Anasema ni kwa sababu miaka ile chumvi haikupatikana, sasa anailipizia. Treni zilikuwa zimesimama, majani yanaota kati ya reli, na majengo ya shule yalikuwa na askari ndani. Prof akakusanya wanafunzi wake ndani ya behewa moja la mizigo lililolala stesheni. Chaki haikuwapo, aliandika kwa makaa ukutani. Saa tano behewa lilikuwa sufuria na wao ni mihogo, anasema mama, lakini hakuna aliyetoka, maana nje kulikuwa na joto na risasi, na ndani kulikuwa na joto tu.

Siku hiyo bomu lilianguka karibu na karakana ya reli. Chuma cha behewa kililia kama kengele. Watoto walilala chini. Prof alikuwa na kaa mkononi, upande wake wa kushoto mlango uko wazi. Alisimama, akaanguka. Akasimama tena, akaanguka tena, mara hii akapiga ukuta na kujichora mustari mweusi usoni. Mama anasema wote walijua amekufa, isipokuwa maiti ilikuwa inasema. Ilisema: "Chumba kinazunguka. Nani ataniambia kinazunguka upande gani?"

Mama yangu, akiwa na miaka kama yangu, akilia, akajibu: "Chumba kimesimama, Prof."

"Basi njo miye ninayezunguka," akasema. "Kaeni, tumalize zoezi."

Hapo alianza kufuatilia. Madaktari walikuwa wamekwenda. Alibaki muuguzi mmoja mwenye kitabu kisicho na jalada, na humo ndani Prof akaona picha ya kitu kilichoko ndani ya sikio: mifereji mitatu midogo iliyopinda kama pete, kila mmoja umeelekea upande wake, jinsi kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye kona ya chumba. Ndani yake mna maji. Muntu wa kawaida angesema "ahsante Mungu" na kufunga kitabu. Yeye alitazama ile picha akaona hesabu ya mtetemo.

Jinsi alivyotufundisha, hata miye niliyelala katika somo la kemia sikulala. Alileta mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, ule wa waashi wa kupimia usawa wa ukuta. Akaupinda uwe pete, akautia maji mekundu ya majani ya ngai-ngai, na katikati akaweka kipazia chembamba alichokata kwenye glovu ya hospitali. Kisha akaiweka ile pete juu ya kiti cha kinyozi. Kinyozi yuko mbele ya shule, na siku za somo hilo Prof aliazima kiti chake kinachozunguka. Wateja walisubiri wamesimama barabarani na nusu ya nywele.

"Muangalie," alisema, akazungusha kiti. Pete ikaenda, maji yakabaki nyuma, kipazia kikapinda. "Kichwa kinageuka, mfereji unageuka nacho kwa sababu ni mufupa. Maji ni mavivu, yanachelewa. Yanasukuma pazia, pazia linaambia ubongo: tunageuka! Sasa nasimamisha." Akakamata kiti. Maji yakaendelea na safari yao, pazia likapinda upande wa pili. "Kichwa kimesimama, lakini pazia linaapa kwamba tunarudi nyuma. Njo kizunguzungu hicho. Si uchawi, si lotoko."

Ubaoni akaandika ekwasio, yaani mlinganyo. Upande wa kushoto kulikuwa na sehemu tatu: uvivu wa maji, mnato wake, na nguvu ya pazia kutaka kurudi mahali pake. Upande wa kulia kitu kimoja tu, teke linalotoka nje. Ili tusisahau, alizipa zile tatu majina yetu. Uvivu alimpa golikipa wetu. Mnato aliwapa wale wawili wa benchi la nyuma waliokuwa hawaachani mikono. Na ile inayorudi palepale hata uisukume namna gani, alisema ni miye, kwa sababu nilikuwa nimefukuzwa darasani juma moja na kurudi juma lililofuata na kosa lilelile.

"Na mkubwa wao ni mnato," akasema. "Mfereji ni mwembamba kama uzi, maji yanashikwa na kuta. Kwa hiyo pazia halichezi huku na huku kama kamba ya gitaa. Linakwenda, halafu linarudi polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga." Wale wawili wa nyuma wakaachana mikono. Kwa siku moja.

Halafu akauliza nani atakaa kitini. Wote wakanitazama miye. Nilifumba macho, wakazungusha. Mwanzo nilisikia naruka. Walivyoendelea kuzungusha kwa mwendo uleule, nikahisi kimya. Nikasema kwa heshima zote: "Sasa mumesimamisha." Darasa likalipuka, kwa sababu nilikuwa bado nazunguka kama feni. Maji yalikuwa yameshaufikia mwendo wa kiti, pazia limesimama wima, halina cha kusema. Waliposimamisha kwelikweli nikapiga kelele: "Munanirudisha nyuma!" Nikashuka ili nikimbilie benchi langu, nikamkumbatia Prefe, mkuu wa shule, aliyekuwa ameingia kuuliza kelele ni za nini.

Prefe alijitoa mikononi mwangu, akanyoosha tai. "Prof, programu ya serikali haina masikio."

"Ina ekwasio za mtetemo, Prefe. Miye nimezipatia nyumba."

Prefe akatazama kiti, akatazama ile pete ya ngai-ngai, akatutazama. "Na kinyozi anasema kuna mtu na nusu ndevu." Akaondoka.

Prof ana misemo yake, yote ya kuudhi. Ukikosea hesabu hasemi umekosea, anasema: "Umefika, ila si hapa." Ukijidai umeelewa, anakujibu: "Nitikisie." Maana yake ni kwamba ubadilishe namba moja uone kama jibu lako litasimama. Mama yangu hadi leo anatumia hilo neno sokoni. Muuzaji akimwambia mchele huu ni mpya, anasema "nitikisie," na wanamtikisia.

Tena ana mambo yasiyopatana, na miye ninayapenda kuliko misemo. Hapandi pikipiki, lakini anasimama kwenye kona na kuwafokea wenye pikipiki jinsi ya kulala kwenye kona: "Weye, inamisha! Zaidi! Ogopa mchanga!" Havuki mto, lakini hali samaki asiyetoka Lokandu, anadai wa hapa wana ladha ya mafuta ya motá, zile injini za mitumbwi. Anatuambia tusiogope kitu tulichokipima, na yeye kwa miaka yote tangu vita alikuwa ameupima Lualaba vizuri sana, kutoka kwenye ukingo.

Kwa kweli alijaribu mara moja, zamani, vita vilipokwisha. Mtumbwi ulipofika katikati alijilaza chini kwenye maji ya kuvuja na kukamata ubao, wapiga kasia wakamrudisha wenyewe. Tangu siku hiyo alijenga maisha yake yote upande mmoja wa mji. Binti yake akaolewa upande wa pili. Nani anapanga mambo haya?

Kwa wakwe wa huyo binti kuna desturi wasiyoigeuza: mutoto wa kwanza anapewa jina na babu mzaa mama, na linatolewa kwenye kizingiti cha nyumba alimozaliwa, si pengine. Babu akichelewa, mutoto anangoja. Huyu, mutoto wa kike, alingoja mpaka majirani wa Alunguli wakaanza kumwita Bado. Bado amelala. Bado ameamka. Bado amejinyea. Bibi wa upande wa baba alikuwa anasema jina hilo likizoeleka halitoki tena, mutoto atafika hadi ndoa akiitwa Bado.

Mke wa Prof, tunayemwita Mama Prof, alikuwa amevuka kumsaidia binti yake uzazi. Akatuma neno kwa wanawake wanaokuja soko: "Mumwambie miye sirudi mpaka aje. Na asile kwa jirani, apike." Akapika. Sombe yake, majani ya muhogo, iliungua, na moshi wake ulikaa kwenye koti lake ukaingia darasani naye. Kwa hiyo musifikiri tulimtakia kuvuka kwa upendo tu. Tulikuwa tunatetea pua zetu.

Jambo lenyewe lilikuwa zito, hata hivyo. Niliona siku moja alipoulizwa na mama yangu, "Prof, utakwenda lini?" Hakujibu kwa swali la hesabu. Alisema tu, "Nikilala tena chini ya mtumbwi, mbele ya wakwe, mutoto atapewa jina na mtu aliyebebwa kama gunia."  Hilo mama akilisimulia, haongezi chumvi.

Alifanya kama anavyofanya siku zote: akauingiza mtumbwi ndani ya ekwasio. Alikaa ukingoni na kutazama. Akagundua kwamba mtumbwi mwepesi unatikisika haraka-haraka, na huo mtikisiko sikio lake linauvumilia. Mtumbwi uliojaa unayumba polepole, upande, upande, na huo ndio unaomuua. "Masikio mawili ni mashahidi wawili," alinieleza. "La kulia linasema kwa sauti, la kushoto linanong'ona. Ubongo unadhani tumegeuka. Mtumbwi ukiyumba polepole unawapa nafasi ya kubishana." Kwa hiyo akachagua: mtumbwi mwepesi, kiti cha katikati, macho kwenye mchikichi mrefu wa ng'ambo, na siku ya Jumapili, kwa sababu Jumapili hakuna soko, hakuna mizigo.

Hesabu safi. Ila Jumapili, kwa Prof, ni siku ya kufua suruali. Hakuwahi kujua Wakristo wanafanya nini siku hiyo.

Mama aliniamuru nimsindikize. "Akianguka, weye umukamate."

"Na miye nani atanikamata?"

"Weye huanguki. Huna kitu kizito kichwani."

Tulifika ukingoni, mtumbwi mkubwa uko mtupu, mto umetulia. Prof akakaa katikati, akatafuta mchikichi wake, akautundikia macho. Uso wake ulikuwa na amani ya mtu aliyepata jibu lililoko nyuma ya kitabu. Hapo ikashuka kwaya nzima, mama wote wa kitenge kimoja, na ngoma, na sufuria za chakula. Walikuwa wanakwenda kuimba kwenye misa ya Alunguli. Wakajaa mbele, wakajaa nyuma. Maji yakafika karibu na ukingo wa ubao. Tuliondoka, na kiongozi wao akaanzisha wimbo.

Munajua kwaya zetu: haziimbi na mwili umekaa. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Polepole, wote pamoja, na mtumbwi nao ukaitika.

Prof akageuka rangi ya muhogo uliolowekwa. "Madmazeli," akaniita, akiwa hajageuza kichwa, "waambie waimbe haraka kidogo."

Nikasimamisha mkono. "Mama zangu, Prof anaomba wimbo wa haraka!"

"Huu ni wa toba," kiongozi akajibu. "Toba haina haraka."

"Basi mutubu bila kuyumba!"

"Mutoto gani huyu? Mama yako ni nani?"

Nikashusha mkono, maana mama yangu wanamjua. Prof alikuwa ameshaachia mchikichi. Mikono ilikuwa inatafuta ubao, magoti yanateremka, nikaona anaelekea palepale pa zamani, chini, kwenye maji ya kuvuja. Akasema kwa sauti ndogo: "Turudi."

Mpiga kasia akanitazama. Miye nikatazama ng'ambo, nikaona watu wamesimama ukingoni, na kati yao kitenge cha njano kimejishika kiuno. Mama Prof. Hata kwa mbali nilijua anatuhesabu.

Sitadai nilifikiri. Karibu na mguu wangu kulikuwa na kasia ya akiba, nikamtupia mapajani. "Prof, kama huwezi kukaa kama abiria, fanya kazi! Unatuchosha."

Labda ni hasira. Aliikamata, akaipiga kwenye maji kama anayeua nyoka, na safu ya kwanza ya kwaya ikabatizwa mara ya pili. Kelele! Akapiga tena. Na tena. Mapigo ya nne au ya tano hayakumwagia mtu maji, na nikaona shingo yake inalegea. Anavuta, mtumbwi unalala, anavuta, unainuka, na yeye analala na kuinuka nao, macho wazi. Muhogo ukaanza kurudi rangi ya mutu. Akaanza kucheka peke yake, hali ambayo katika mtumbwi uliojaa si jambo la kuwatuliza watu.

"Madmazeli! Upande wa kulia wa ekwasio, niliandika nini?"

"Teke linalotoka nje, Prof."

"Nje! Mto, mtumbwi, watu. Miaka yote hii nimejiandika abiria. Sikujiandika miye!" Akavuta kasia. "Mkono wangu unaambia ubongo kabla mtikisiko haujafika. Sasa kuna shahidi wa tatu, na huyu haongei kwa kunong'ona!"

"Prof, pumua."

Kwaya ilijaribu kuendelea na toba, lakini kasia yake ilikuwa inawakatiza kila kushoto-kulia. Mwishowe kiongozi akasonya, akabadilisha, akachukua wimbo wa shangwe kwa mwendo wa kasia ya Prof, na ngoma ikaingia. Tulifika Alunguli kama harusi.

Musidhani alipona. Alipokanyaga mchanga, nchi kavu ilimkataa, akaangukia mikononi mwa yuleyule kiongozi wa kwaya, akabaki hapo akiomba radhi kwa adabu zote. Mama Prof alitazama mpaka mwisho, akasema: "Huyu ndiye muliyenambia hawezi kuvuka? Anavuka, na kukumbatia anakumbatia."

Nyumbani kwa binti watu walikuwa wamejaa uani. Binti yake alisimama kwenye kizingiti na mutoto, akampa baba yake. Prof akamshika kichwa kwa kiganja kizima, kwa uangalifu wa mtu anayejua mna nini ndani ya vile vimasikio. Akainama kwenye sikio la kulia la mutoto, akanong'ona. Kisha akainua uso, ametulia, kama amemaliza.

Tukangoja jina litoke. 

"Ehe?" akasema bibi wa upande wa baba. "Njo nani?"

"Nimemwambia mwenyewe," akajibu Prof. "Jina ni lake."

Uani kukawa na manung'uniko. Mama Prof akapenya katikati ya watu, akamwinamia mjukuu. "Amekuambia nini huyu mzee?" Mutoto akapiga mwayo. Akamgeukia mumewe: "Umekula sombe ya kuungua mpaka umekuwa na siri? Mutoto amengoja, miye nimengoja, na jina bado unaninyima?"

"Sikunyimi," akasema Prof. "Nimempa lako."

 Mama Prof alikaza kitenge ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

"Basi ingieni," akasema, "wali unapoa." Akageuka aingie wa kwanza, akayumba kama mumewe, akaukosa mlango, bega lake likagonga mwimo.